Mvua za Kilosa na Mikumi: kwa nini mkazi asitazame anga lake peke yake

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua kwa misimu mitatu. Wa kwanza ni wa mvua za Vuli, zinazotarajiwa kati ya Oktoba na Desemba. Wa pili ni wa mvua za Msimu, zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Wa tatu ni wa mvua za Masika, kati ya Machi na Mei. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au wa Songea, kutambua taarifa inayomhusu si kazi ngumu. Kwa mkazi wa Wilaya ya Kilosa ni jambo jingine. Katika taarifa za Vuli na Masika husikia likitajwa eneo la "kaskazini mwa Morogoro". Katika taarifa ya Msimu husikia "kusini mwa Morogoro". Ile ya Dodoma na Singida huipita, kwa kudhani kuwa ni ya majirani.

Kumbe hiyo aliyoipita inaweza kuwa ndiyo yenye uzito zaidi kwa usalama wa nyumba yake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walisema kweli. Hata hivyo, katika mji wa Kilosa dalili ya mafuriko si lazima iwe mawingu ya Kilosa. Mto Mkondoa unaopita mjini hapo huanzia katika nyanda kame za Dodoma, na huweza kujaa siku ambayo mjini hakujanyesha hata tone moja.

Makala haya yanaeleza jinsi mwaka wa mvua unavyokwenda katika maeneo ya Kilosa na Mikumi, sababu za mpangilio huo, na namna mwananchi anavyoweza kusoma taarifa rasmi za hali ya hewa ili zimsaidie kuamua apande lini, ahame lini na asafiri lini.

Wilaya iliyo mpakani mwa misimu

Tanzania ina mifumo miwili mikuu ya mvua. Maeneo ya kaskazini, Pwani ya kaskazini na Kanda ya Ziwa hupata misimu miwili kwa mwaka, yaani Vuli na Masika. Maeneo ya magharibi, kati, nyanda za juu kusini-magharibi na kusini hupata msimu mmoja mrefu.

Chanzo cha tofauti hii ni mwendo wa kile ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukiita Ukanda Mvua. Huo ni ukanda unaoizunguka dunia karibu na Ikweta, ambako pepo za kaskazini hukutana na pepo za kusini. Hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, na kuwa mawingu ya mvua. Ukanda huu haukai mahali pamoja, bali hulifuata jua. Kuanzia Oktoba hushuka kuelekea kusini ukipita juu ya nchi yetu. Januari na Februari huwa umefika kusini zaidi, na kuanzia Machi huanza kurudi kaskazini.

Kwa hiyo, mahali palipo kaskazini huuona ukanda huo mara mbili: ukienda na ukirudi. Kati ya safari hizo mbili huwapo miezi ya ukavu. Mahali palipo kusini huuona ukifika, ukikaa na kuondoka, na mvua yake huwa ya msimu mmoja. Kadiri mtu anavyosogea kusini, ndivyo pengo kati ya kwenda na kurudi linavyopungua, mpaka mwisho linatoweka.

Kilosa ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, mahali ambapo pengo hilo linakaribia kufunga. Kuna miaka ambayo Januari au Februari huleta wiki kadhaa za jua kali, na mkulima huona wazi kuwa Vuli imekwisha na Masika bado. Kuna miaka mingine ambayo mvua za Novemba huungana na za Aprili bila mapumziko ya maana. Ndiyo maana wazee wawili wa vijiji jirani wanaweza kubishana, mmoja akisema Kilosa ina misimu miwili na mwingine akisema ni mmoja, na wote wakawa na hoja.

Kwa ujumla, miaka mingi wilaya hii huwa na miezi minane yenye mvua, kuanzia Oktoba hadi Mei, na kilele chake huwa kati ya Februari na Aprili. Katika tambarare za kusini mwa wilaya wastani wa mwaka hutajwa kuwa kati ya milimita 1,000 na 1,400. Milima yenye misitu hufikia milimita 1,600. Kwa upande wa Gairo, eneo lililokuwa tarafa ya Kilosa kabla ya kuwa wilaya kamili, kiwango hushuka hadi kati ya milimita 800 na 1,100.

Milima ndiyo inayogawa

Tofauti hizo ndani ya eneo moja hutokana na milima. Mji wa Kilosa umekaa chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, miguuni pa safu mbili za Milima ya Tao la Mashariki: Ukaguru kwa kaskazini na Rubeho kwa kusini. Mto Mkondoa umepenya katikati ya safu hizo.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika ukiwa umebeba unyevu. Unapoigonga milima hulazimika kupanda, na unapopanda hupoa na kudondosha mvua. Upande unaotazama bahari hupata sehemu kubwa ya mvua hiyo. Ukishavuka kilele, upepo hushuka upande wa pili ukiwa umeacha maji yake nyuma. Ndiyo sababu mtu anayesafiri kwa treni kutoka Kilosa kuelekea Gulwe na Dodoma huona mandhari yakibadilika katika muda mfupi: miti mirefu na mashamba ya kijani hubaki nyuma, na mbele huja miiba, mibuyu na udongo mwekundu.

Mikumi nayo ina hadithi yake. Upande wake wa mashariki imesimama Milima ya Uluguru, ambayo miteremko yake inayotazama bahari ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Tambarare ya Mkata, iliyo nyuma ya milima hiyo, hupata mabaki. Matokeo yake ni nchi ya nyasi na miti iliyotawanyika, yenye kiangazi kirefu, na ndiyo iliyowafaa tembo, nyati, twiga na pundamilia wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Jina lenyewe la Mikumi limetokana na mti wa mkumi, jamii ya mtende mrefu unaostahimili nchi ya namna hii.

Mwaka mzima, msimu kwa msimu

Juni hadi Septemba ni kiangazi. Upepo wa kusi huvuma, asubuhi huwa na baridi, na siku nyingi hupita bila mvua. Huu ndio wakati wa kuvuna na kuhifadhi mahindi, kukausha mazao na kukarabati paa. Wakulima wa mabondeni hutumia unyevu uliobaki na maji ya mifereji kulima mboga, na huko Malolo skimu za umwagiliaji hustawisha vitunguu. Viwanda vya sukari vya bonde la Kilombero, ambavyo sehemu ya mashamba yake ipo Ruembe wilayani Kilosa, huwa katika msimu wa kusaga miwa kwa kuwa magari yanaweza kuingia shambani.

Kwa wafugaji, hiki ni kipindi kigumu. Nyasi hukauka, malambo hupungua, na mifugo husogezwa kwenye mabonde na kingo za mito, ambako kuna mashamba ya kiangazi. Sehemu ya mvutano kati ya wakulima na wafugaji ambao wilaya hii imeushuhudia kwa miaka mingi ina chanzo chake hapa: wote wanafuata maji yale yale. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji unaotenga njia za mifugo na sehemu za kunywesha maji unapaswa kutekelezwa kabla ya Julai, wakati bado kuna nafasi ya kuzungumza kwa utulivu.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kiangazi huwakusanya wanyama kwenye mabwawa machache yasiyokauka, na ndiyo maana wageni wengi huja kati ya Juni na Oktoba. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hukatiza hifadhini, na wanyama wanaotafuta maji na majani huivuka usiku na mchana. Dereva anayepita hapo anatakiwa kuheshimu mipaka ya mwendo iliyowekwa kwa ajili ya usalama wake na wao.

Oktoba hadi Desemba ni kipindi cha mvua za kwanza. Joto hupanda, mawingu hujikusanya mchana, na ngurumo husikika jioni. Mvua hizi hazina uaminifu. Inaweza kunyesha siku tatu mfululizo mwezi Novemba, mkulima akapanda, kisha likaja jua la wiki mbili au tatu likaua miche yote. Mbegu iliyopotea namna hiyo ni hasara ya fedha, na kurudia kupanda ni hasara ya muda. Kwa sababu hiyo maafisa ugani husisitiza kuwa mvua ya kwanza si lazima iwe mwanzo wa msimu. Mkulima aangalie unyevu umeshuka kiasi gani ardhini, na alinganishe na tarehe ya kuanza kwa mvua iliyotajwa katika mwelekeo wa TMA.

Januari na Februari ni miezi ya mashaka. Hapa ndipo linapoonekana au kutoonekana lile pengo tulilolieleza. Anayelima mazao ya muda mfupi katika Vuli huhitaji ukavu kidogo ili avune. Aliyepanda mahindi ya msimu mrefu huhitaji mvua iendelee, maana mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele hayarudishi tena kilichopotea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilicho wilayani Kilosa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimekuwa kikishughulikia mbegu zinazofaa ukanda huu wa tambarare, zikiwemo za mahindi, mtama, alizeti na jamii ya mikunde. Kuchagua mbegu inayokomaa mapema ni njia mojawapo ya kupunguza madhara ya pengo hilo.

Tena, miezi hii ndiyo ambayo Dodoma hupata mvua yake. Jambo hilo tutalirudia hapa chini.

Machi hadi Mei ni Masika. Mvua hunyesha kwa wingi na kwa siku nyingi. Tambarare ya Mkata, yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, hunywa maji ikavimba, kisha hukataa kunywa zaidi, na maji hutuama juu. Njia nyingi za ndani ya hifadhi huwa hazipitiki kwa magari ya kawaida, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali. Katika mashamba ya mpunga huu ni wakati wa neema. Katika barabara za vumbi za vijijini ni wakati wa kupanga safari kwa uangalifu. Ifikapo mwishoni mwa Mei mvua hupungua, na mwaka huanza upya.

Mto unaoleta mvua ya mbali

Kuelewa mvua za Kilosa bila kuielewa Dodoma ni kusoma nusu ya barua.

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Kiasi hicho hakiko mbali na cha jiji la London, linalopata takriban milimita 600. Tofauti ni kwamba mvua ya London husambaa katika miezi yote 12, ilhali ya Dodoma karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba inayobaki huwa mikavu kabisa, na jua kali huvukiza hata kile kidogo kilichobaki. Dodoma si jangwa kwa maana ya kitaalamu, kwa kuwa majangwa kwa kawaida hupata chini ya milimita 250 kwa mwaka, lakini ni nchi ya nusu ukame.

Mtu anaweza kuuliza: nchi kame inawezaje kuleta mafuriko? Jibu liko katika hali ya ardhi wakati mvua inapofika. Baada ya miezi saba bila mvua, nyasi zimekwisha, mifugo imekanyaga udongo, na uso wa ardhi umekuwa mgumu mithili ya sakafu. Mvua ya kwanza nayo huja kwa nguvu, nyingi kwa muda mfupi. Maji hayapati nafasi ya kuzama ardhini. Hutiririka juu, huchukua udongo, huingia katika makorongo yaliyokuwa makavu, na makorongo hukutana.

Makorongo na vijito hivyo ndivyo vinavyounda Mto Kinyasungwe. Mto huu hutoka upande wa Dodoma, hupita Mpwapwa, na unapoingia katika bonde kati ya Ukaguru na Rubeho huitwa Mkondoa. Mbele ya Kilosa huungana na mito mingine na kuwa Wami, unaoishia Bahari ya Hindi. Jiji la Dodoma lipo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Kilosa ni chini ya mita 500. Maji hayo hushuka zaidi ya mita 600, sehemu kubwa ikiwa katika bonde jembamba lenye kuta za milima, kabla ya kutua ghafla kwenye tambarare. Yanapofika tambarare kasi hupungua, na mchanga uliobebwa hutua. Kitanda cha mto huinuka mwaka hadi mwaka, na mto ulioinuka kitanda huhitaji maji machache zaidi ili uvuke kingo zake.

Hayo si nadharia. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta lililojengwa zamani kuukinga mji wa Kilosa, na kuingia katika makazi. Maelfu ya wakazi walipoteza nyumba na kuishi katika mahema. Reli ya Kati, ambayo kati ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto huo huo, ilisombwa katika maeneo mengi, na usafiri wa treni katika sehemu hiyo ulisimama kwa miezi. Januari 2014, maji yaliyoshuka kutoka nyanda za juu yalizikumba Magole na Dumila, yakaharibu daraja la Dumila na kukata barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma.

Tazama miezi ya matukio hayo: Desemba na Januari. Haikuwa Machi wala Aprili, miezi ambayo mkazi wa Kilosa amezoea kuiogopa. Mkazi anayengoja Masika ndipo aanze kujihadhari anaweza kuwa amechelewa kwa miezi mitatu.

Jitihada za kuyadhibiti maji haya ni za siku nyingi. Bwawa la Kidete, lililo kando ya reli juu ya Kilosa, pamoja na tuta la mjini, vilikusudiwa kuvunja nguvu ya mafuriko. Upande wa Dodoma mabwawa ya Hombolo na Ikowa yalijengwa miaka ya 1950, na pamoja na kazi ya umwagiliaji hushika sehemu ya maji. Adui wa mabwawa yote hayo ni mmoja, nao ni tope. Bwawa lililojaa mchanga haliwezi kupokea mafuriko. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imejengwa kwa madaraja na mahandaki katika eneo la Kilosa, lakini Reli ya Kati ya zamani bado inategemea tabia ya mto. Ulinzi wa kudumu, kwa hiyo, huanzia juu: kupanda miti na nyasi, kutengeneza matuta ya kukinga mmomonyoko mashambani, na kupunguza mifugo kupita uwezo wa malisho huko Mpwapwa, Kongwa na Dodoma.

Kwa nini miaka haifanani

Hata mpangilio huu wa kawaida hubadilika. Mara nyingi chanzo kiko baharini. Maji ya Bahari ya Hindi karibu na pwani ya Afrika Mashariki yanapokuwa na joto kuliko kawaida, unyevu huongezeka angani na mvua za Oktoba hadi Desemba huwa nyingi. Hali hiyo ikiambatana na El Niño, yaani ongezeko la joto katika Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki, mvua huweza kuwa kubwa mno. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 hadi 1998, na kumbukumbu ya msimu huo ingali hai kwa watu wazima wengi nchini. Ndivyo ilivyokuwa pia msimu wa mwaka 2023 hadi 2024. Bahari ya Hindi upande wetu ikipoa, au ikitokea La Niña, Vuli huweza kuwa hafifu au kushindwa kabisa.

Kwa mkulima wa Kilosa maana yake ni hii: habari ya joto la bahari ya mbali inayosomwa kwenye redio mwezi Agosti ni habari ya shamba lake la Novemba.

Namna ya kusoma taarifa

Taarifa za TMA hutumia maneno yenye maana mahususi, na kuyajua huondoa lawama zisizo na msingi. "Mvua za wastani" ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Chini ya asilimia 75 ni "chini ya wastani", na zaidi ya asilimia 125 ni "juu ya wastani". Tuchukue mfano. Kama wastani wa muda mrefu wa kijiji kwa msimu ni milimita 400, basi mvua yoyote kati ya milimita 300 na 500 itaitwa ya wastani. Mwaka wa milimita 300 na mwaka wa milimita 500 ni miaka miwili tofauti kabisa shambani, ingawa utabiri wake uliandikwa kwa neno moja.

Pia neno hilo halisemi mvua itanyesha vipi. Milimita 400 zikisambaa katika siku 50 humfaa mkulima. Milimita hizo hizo zikimwagika kwa siku 10 humwachia makorongo. Ndiyo maana taarifa huzungumzia pia mtawanyiko wa mvua, tarehe za kuanza na kuisha, na vipindi vya ukavu. Msomaji asiishie kwenye kichwa cha habari.

Tahadhari za siku chache nazo zina ngazi zake. Angalizo huonyeshwa kwa rangi ya njano, na humtaka mwananchi afuatilie. Tahadhari, kwa rangi ya chungwa, humtaka ajiandae. Tahadhari kubwa, kwa rangi nyekundu, humtaka achukue hatua mara moja. Mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo, milimita 50 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 200,000, sawa na matangi 40 ya lita 5,000 yaliyomwagwa shambani kwa siku moja. Zidisha kiasi hicho kwa ekari zote za bonde la Kinyasungwe, ndipo utaelewa mto unabeba nini.

Kwa mkazi wa Kilosa na Mikumi, ushauri unaotokana na maelezo haya ni kufuatilia taarifa tatu. Ya kwanza ni ya Vuli na Masika kwa kaskazini mwa Morogoro. Ya pili ni ya Msimu kwa kusini mwa Morogoro, hasa kwa wanaoishi Mikumi, Kidodi na Ruaha. Ya tatu ni ya Msimu kwa Dodoma, na tahadhari yoyote ya mvua kubwa inayotolewa kwa mkoa huo kati ya Desemba na Aprili. Tahadhari ya Dodoma ichukuliwe kuwa ni tahadhari ya bonde la Mkondoa.

Hatua zinazowezekana

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi taifa. Kamati ya kijiji kilicho kando ya mto haina haja ya kungoja maelekezo ili ifanye mambo ya msingi: kuorodhesha kaya zilizo bondeni, wazee na wagonjwa wasioweza kutembea, kuchagua mahali pa juu pa kukimbilia, na kukubaliana na vijiji vya juu ya mto juu ya nani atakayempigia nani simu maji yakianza kupanda. Simu moja kutoka Gulwe au Kidete usiku inaweza kuwapa watu wa Kilosa muda wa kutoka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wengi huiona amri hiyo kama kunyimwa ardhi yenye rutuba. Kwa mto wenye tabia ya Mkondoa, mita hizo ni nafasi ya mto kupumua, na mizizi ya miti iliyobaki hapo ndiyo inayoshikilia ukingo. Mwenye mashaka juu ya mipaka au matumizi ya maji anaweza kuwasiliana na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro.

Katika ngazi ya kaya, hatua ni za kawaida lakini huokoa. Vyeti, hati na kadi za matibabu zihifadhiwe mahali pasipofikiwa na maji. Mitaro izibuliwe Oktoba, kabla ya mvua. Ghala la mahindi liwe juu ya ardhi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa baada ya mafuriko, kwa kuwa visima huchafuliwa na kipindupindu hufuata. Mtoto asivushwe mto wenye maji mekundu yanayokwenda kasi, hata kama jana yake ulivukika kwa miguu. Dereva asijaribu kina cha maji barabarani kwa gari lenye abiria.

Shule na vijiji vinaweza pia kuweka kipimamvua na kusoma kiasi kila siku saa 3:00 asubuhi, kama vituo rasmi vinavyofanya. Daftari la miaka mitano la kijiji kimoja humwezesha afisa ugani kushauri tarehe ya kupanda kwa ushahidi wa mahali hapo hapo.

Mwelekeo wa Msimu hutolewa kabla ya Novemba. Utakaposomwa, mkazi wa Kilosa asikilize mpaka itajwe Dodoma, kisha atembee hadi ukingoni mwa Mkondoa akatazame mchanga umefika wapi. Kati ya sauti ya redio na kimo cha mchanga huo, atakuwa na sehemu kubwa ya taarifa anayohitaji kabla maji hayajafika.